Nimenakili noti zote za Herbie Hancock, lakini yeye mwenyewe simsikii

KinandaChaKwaya

Nawasalimu nyote. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya ya parokia hapa Morogoro, na karibu kila ninachokijua kuhusu muziki nimekipata kwenye nota za nyimbo za kanisa, ambako kila sauti imekwisha andikwa na hakuna anayeruhusiwa kuongeza lake, isipokuwa pale padri anapochelewa kutoka sakristia na kinanda kikalazimika kujaza kimya. Ni katika kujaza kimya hicho ndipo nilipogundua kwamba sijui kubuni papo kwa papo. Nikatafuta mwalimu wa mbali, nikamchagua Herbie Hancock, mpiga piano wa jazz, mzaliwa wa Chicago wa mwaka 1940.

Nilianza na "Cantaloupe Island", iliyorekodiwa Juni 1964 kwa ajili ya santuri ya Empyrean Isles, kwa sababu ilionekana nyepesi: vipimo 16 (mafungu ya mapigo) na kodi tatu tu. (Nasema kodi kama tusemavyo wapigaji, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja; ile ya nyumba nimekwisha lipa.) Kwa wiki sita nilipunguza kasi ya rekodi kwenye simu, nikaandika kila noti ya mkono wake wa kulia, nikairudia kuikagua mara tatu. Sasa naipiga solo nzima bila kukosea, na bado yeye hasikiki. Binti yangu, ambaye hajui hata jina la mpigaji huyo, aliniambia, "Baba, umeipiga yote, lakini imelala."

Maandiko mengi niliyoyapata yanaanzia kwenye skeli, yaani ngazi ya noti zinazofuatana, kwamba kwenye kodi hii utumie skeli ile. Skeli nazijua. Swali langu ni hili: anayetaka kuuchambua ubunifu wa Hancock kwa haki achambue nini, ikiwa noti zenyewe hazitoshi?

BesiNne

Mkuu, kazi uliyoifanya si ndogo, wala usiitupe karatasi yako. Mimi ni mpiga besi, kwa hiyo utanisamehe nikianzia chini.

Funika majina ya noti, ubakize mahali zinapoanzia na mahali zinapoishia. Utaona kwamba vifungu vyake mara nyingi havianzi pale kipimo kinapoanza, wala havikomi pale kodi inapobadilika. Anasubiri pigo la kwanza lipite ndipo aingie, anavuka mpaka wa kodi akiwa bado katikati ya sentensi, kisha ananyamaza mahali ambapo wewe na mimi tungeona haya kunyamaza. Mtu aliyelelewa na nyimbo za kwaya hupumua pamoja na mstari wa shairi, yaani kila baada ya vipimo vinne, na nadhani hapo ndipo binti yako aliposikia usingizi. Noti ulizoandika ni zake, ila pumzi ni yako.

La pili limo ndani ya kodi tatu zenyewe, na hili skeli hazikuonyeshi. Kuna F maina, D flati yenye noti ya saba, kisha D maina, halafu F maina inarudi. Tazama noti moja tu, F. Kwenye kodi ya kwanza ni msingi, kwenye ya pili inageuka kuwa noti ya tatu ukihesabu kutoka msingi, na kwenye D maina inabaki kuwa ya tatu huku kila kitu kinachoizunguka kimehama. Mtu anaweza kukaa juu ya F kwa vipimo vyote 16, ikabadilika rangi chini ya kidole chake bila yeye kusogea. Kinachohama ni A flati, ambayo imo katika kodi mbili za mwanzo, halafu inapanda kuwa A kamili kwenye D maina. Ukijua hilo, unaweza kuimba blues ya kawaida kabisa katika F na kugusa ile A mara moja tu, kwa wakati wake, na msikilizaji akahisi kwamba mlango umefunguliwa.

Kifungu cha piano kinachojirudia humo kinafanya kazi ambayo kwetu gitaa la ridhimu hufanya kwenye sebene: kinafunga ardhi ili mwingine atembee juu yake. Ron Carter anakishikilia kwenye besi kwa uvumilivu ambao mimi, nikiwa na nyuzi nne zilezile, sijaupata. Jaribu wiki moja ya F na jirani zake wawili tu, ukibadilisha mahali pa kuanzia na urefu wa kimya. Usiongeze noti ya nne.

Mzee wa Santuri

Vijana wangu, mmesema vizuri, lakini mnamchambua mtu mmoja kana kwamba alikuwa peke yake chumbani. Mimi si mpigaji. Ni msikilizaji mwenye kabati la santuri na masikio yaliyoanza kuchoka. Kwa kusikiliza nimeamini kwamba nusu ya kile tunachokiita mtindo wa Hancock ni majibu, na jibu ukilinakili bila swali lake linakuwa neno lisilo na maana.

Mwaka 1963 aliingia kwenye kundi la mpiga tarumbeta Miles Davis pamoja na Ron Carter na mpiga dramu Tony Williams, kijana wa miaka 17. Wayne Shorter na saksafoni yake alikuja mwaka uliofuata. Tafuteni onyesho la tarehe 12 Februari 1964 katika ukumbi wa Philharmonic Hall, New York, msikilize "My Funny Valentine". Wimbo wa mapenzi wa polepole unaanza, kisha bila ishara yoyote ya wazi mwendo unakuwa maradufu, unalegea, unakaribia kusimama, unarudi. Hakuna anayeongoza jambo hilo peke yake. Hancock anapiga kodi nyuma ya tarumbeta, Williams anaisikia na kuitupia pigo jingine, Carter anaamua kuwafuata au kuwakatalia, na mwenye tarumbeta anajikuta yuko katika nchi nyingine. Ukiandika noti za piano pekee kutoka dakika hizo utapata vipande vilivyokatika ovyo, ilhali ukizisikiliza nne kwa pamoja hakuna hata kimoja kilichokatika.

Kuna kisa ambacho Hancock amekisimulia mara nyingi. Wakiwa Ulaya katika miaka hiyo, kundi likipiga "So What" kwa ubora wa hali ya juu, yeye akaangukia kodi isiyo yake kabisa, kosa la wazi, akainua mikono na kuziba masikio. Miles akavuta pumzi kidogo, kisha akapiga noti zilizoifanya kodi ile iwe sahihi. Hancock anasema ilimchukua muda mrefu kuelewa kwamba Miles hakuisikia kama kosa. Aliisikia kama jambo lililotokea, akatafuta la kufanya nalo.

Na kuna upande wa kupunguza. Kwenye santuri ya Miles Smiles, iliyorekodiwa Oktoba 1966, sikilizeni "Orbits", "Dolores" na "Ginger Bread Boy". Wenzake wanapopiga solo yeye ananyamaza kabisa, na zamu yake inapofika anatumia mkono wa kulia peke yake, mstari mmoja kama wa tarumbeta. Mtu mwenye vidole kumi na elimu ya kodi kama ile, anaweka vitano mfukoni! Wakati fulani kabla ya hapo Miles alikuwa amemwambia asipige "noti za siagi", naye akaelewa kwamba siagi ni zile noti zinazolainisha kila kitu na kuitaja kodi kwa jina, yaani ya tatu na ya saba. Akaziacha, na nafasi ikafunguka.

SomoLaNota

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kuhusu mazungumzo ya kundi, lakini naogopa kisa hicho cha siagi, kwa sababu nimeona wanafunzi wangu wakikigeuza kuwa amri na kuanza kuziwinda noti za tatu kama wezi. Hancock mwenyewe amekiri kwamba huenda alisikia vibaya, na kwamba Miles pengine alikuwa akizungumzia noti za chini, maana kwa Kiingereza neno "chini" (bottom) na neno "siagi" (butter) yanakaribiana sana yakisemwa na mtu mwenye sauti iliyokauka kama ya Miles. Kama ni hivyo, basi mtindo mzima ulipata njia mpya kutokana na sikio lililoteleza, jambo ambalo mimi kama mwalimu linanifurahisha na kuniudhi kwa pamoja.

Ninachopinga ni wazo kwamba noti si muhimu sana. Huyu ni mtu ambaye akiwa na miaka 11 alisimama mbele ya orkestra ya Chicago Symphony, Februari 1952, akapiga sehemu ya konseto ya Mozart. Ndugu mpiga kinanda, hata yeye alikulia kwenye nota zilizoandikwa. Masikio yake ya kodi aliyafunza kwa makusudi: aliwasikiliza waimbaji wa Hi-Lo's na mpangaji wao Clare Fischer, akasoma kwa Chris Anderson, mpiga piano kipofu wa Chicago ambaye wachache wanamtaja, akampenda Ravel, mtunzi wa Ufaransa. Anayesema "sikiliza tu wenzako" amtazame kwanza mtu huyu alivyojaza ghala kabla ya kuanza kugawa.

Nakupa mfano unaoweza kuupiga leo kwenye kinanda cha kanisani. Wimbo wa "Maiden Voyage", wa Machi 1965, una vipimo 32 na kila kodi inakaa vipimo vinne kamili, muda mrefu sana kwa mtu aliyezoea kodi zinazobadilika kila kipimo. Weka D kwenye mkono wa kushoto, na kulia weka A, C, E, G. Sikia kwamba F shapu, noti ya tatu ya D, haipo, na G, ambayo ni noti ya nne, imekaa mahali pake. Katika nyimbo zetu za ibada noti ya nne hukaa hapo kwa muda mfupi tu, kisha hushuka kwenye ya tatu, na waumini wanasema amina. Hapa haishuki. Baada ya vipimo vinne umbo lote linapanda hadi F, nalo vilevile haliteremki. Kwa kuwa hakuna kodi inayodai kwenda nyumbani, anayebuni hasukumwi na chochote. Lazima mwendo autoe mwenyewe, kwa wazo dogo analolikuza, analolihamisha juu na kulibana au kulitanua. Ndiyo sababu ubunifu wake humo unategemea sana kukuza wazo moja, kwa kuwa kodi zimekataa kumsaidia.

Kisha angalia sehemu ya kati. E flati inakaa kwa namna ileile isiyoteremka, halafu inakuja C shapu maina, ambayo noti yake ya tatu, E, ipo na inasikika waziwazi. Siagi imerudi! Baada ya vipimo vingi vya mawazo yasiyokamilika, noti moja ya tatu inagusa moyo kuliko ingekuwa imesambazwa kila mahali. Kwa hiyo hoja yangu si kwamba aliziacha noti hizo, bali kwamba alijua bei yake.

Mzee wa Santuri

Marahaba, mwalimu. Hilo la bei nalikubali, na nimeirudisha santuri kwenye mashine kuisikiliza E hiyo. Lakini ghala la Chris Anderson alikuwa nalo tangu kabla ya Miles, na ukilinganisha anavyopiga kwenye santuri yake ya kwanza ya 1962, Takin' Off, utasikia mpigaji mzuri sana wa blues ambaye bado anamaliza sentensi zake zote. Kuziacha wazi alijifunza mbele ya Tony Williams.

KinandaChaKwaya

Nawashukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Zoezi la noti tatu la ndugu BesiNne limeniaibisha: siku ya kwanza niliweza kukaa kimya kwa mapigo mawili tu kabla ya vidole kuanza kujiendesha vyenyewe. Kodi ya mwalimu nimeipiga kwenye kinanda cha kanisa, na mlinzi akaja kuniuliza kama kimeharibika.

Nina swali la nyongeza. Je, haya yote yanasimama pale alipohamia kwenye vinanda vya umeme? Na ni kweli kwamba alijiita Mwandishi, kwa Kiswahili chetu hiki?

PwaniUmeme

Ni kweli, na kwa msomaji wa Kiswahili ni mahali patamu pa kuingilia. Kundi lake la watu sita la mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilijipa majina ya Kiswahili kwa mkono wa mwanamuziki James Mtume, wakati Wamarekani Weusi wengi walipokuwa wakitafuta majina yanayowarudisha Afrika. Hancock akawa Mwandishi, na santuri iliyorekodiwa San Francisco tarehe 31 Desemba 1970 ikaitwa hivyo hivyo. Wao hulifasiri jina hilo kuwa mtunzi wa muziki, ingawa sisi tungesema mtunzi. Mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji. Huku kwetu ala hupigwa, na mchezaji tungemtafuta uwanjani, lakini tusiwe wakali. Mpiga dramu Billy Hart ni Jabali, na anastahili. Jina lililompata mwenyewe barabara ni la mpiga tarumbeta Eddie Henderson, Mganga, kwa sababu alikuwa daktari kweli, mwenye shahada ya udaktari.

Sasa kwenye ubunifu. Wimbo wa kwanza wa santuri hiyo, "Ostinato", uliotolewa kwa heshima ya Angela Davis, mwanaharakati wa Marekani aliyekuwa kizuizini wakati huo, unazunguka kwenye mapigo madogo 15: hesabu nane, halafu saba. Kila ukidhani umelishika duara, pigo moja linakuponyoka. Kwa hiyo lile la vifungu vinavyovuka mipaka, alilolisema BesiNne, hapa limehamishiwa kwenye msingi wenyewe, na kundi zima linavuka.

Kilichobadilika ni ala. Miles ndiye aliyemwelekeza kwenye piano ya umeme mwishoni mwa miaka ya 1960, na Hancock amesimulia kwamba aliidharau hadi alipoigusa. Alikuwa ameanza chuo cha Grinnell akisomea uhandisi wa umeme kabla ya kuhamia muziki, kwa hiyo waya hazikumtisha. Rhodes, aina ya piano ya umeme, ina nyundo ndogo zinazogonga vijiti vya chuma. Ukigusa taratibu inalia kama kengele, ukibonyeza kwa nguvu inakwaruza. Kodi nene ya chini ambayo kwenye piano ya mbao ni tajiri, huku inageuka tope. Akazipunguza, akazipandisha juu, akazipitisha kwenye mashine ya mwangwi. Mwangwi unapojibu baada ya muda mfupi, mpigaji anapata mwenzake mwingine wa kumsikiliza, na ule ujuzi wa kujibu alioueleza mzee unatumika hata kwa sauti yake mwenyewe.

Kisha ikaja santuri ya Head Hunters, mwaka 1973, na "Chameleon" inayodumu zaidi ya dakika 15. Ule mstari mzito wa besi unaoufungua ni Hancock mwenyewe kwenye sinthesaiza (kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme) ya ARP Odyssey, na solo ya kwanza ni ya sinthesaiza pia. Hapa ndipo ningemweka mwanafunzi yeyote anayetaka kujua mtindo wake umejengwa kwa kitu gani. Vibonyezo vya Odyssey havijui umebonyeza kwa upole au kwa hasira, na ala yenyewe haiwezi kutoa kodi kamili. Yaani amepokonywa ghala lote la Ravel na Chris Anderson, amepokonywa hata mguso. Kodi ni mbili tu, B flati maina na E flati, kwa dakika nyingi. Kilichobaki ni mahali pa kuweka noti, urefu wake, na kuivuta sauti ipande au ishuke kama mtu anayeimba. Na bado ukisikia sekunde kumi unajua ni yeye. Sehemu ya baadaye anaporudi kwenye Rhodes, kodi zinachanua tena na mwendo unakuwa wa hewa, mwalimu atafurahi. Lakini ushahidi wangu ni ile ya kwanza.

SomoLaNota

Nimefurahi, na nimeshindwa nusu. Naongeza tu kwamba anayetaka kumsikia akiwa na vyote pamoja, kodi, mguso na mapigo yaliyokaa upande, atafute "Actual Proof" kwenye santuri ya Thrust ya 1974, ambako yeye na mpiga dramu Mike Clark wanakimbizana hadi msikilizaji anapoteza pigo la kwanza. Msiiandike kabla ya kuisikiliza mara ishirini.

BesiNne

Ishirini ni chache, mwalimu. Mimi bado nalitafuta.

KinandaChaKwaya

Nimerudi kutoa taarifa. Jana baada ya misa ya pili nilibaki na kijana anayetupigia dramu, tukazunguka kwenye kodi mbili za mwanzo za "Maiden Voyage" kwa karibu nusu saa. Nilijiwekea noti tatu, na F shapu niliigusa mara moja tu, kwa bahati mbaya. Karibu na mwisho kijana aligonga toazi mahali ambapo sikupategemea, nikashtuka, nikakiacha kifungu katikati, kisha nikakiendeleza kutoka upande usio wake. Nilikuwa nimejirekodi kwenye simu. Jioni nikamsikilizisha binti yangu bila kumweleza lolote; alikaa kimya hadi pale pa toazi, akasema, "Hapo umekosea, Baba. Rudisha nisikie tena."